KUFUNDISHA KWA KUTUMIA MAKUMBUSHO: MFANO WA UJIJI NA KIGOMA

1. Utangulizi

Mwalimu apelekapo wanafunzi makumbusho, mara nyingi huwapanga mstari, huwakataza kugusa chochote, kisha hurudi nao wakiwa wamechoka. Kesho yake wakiulizwa walijifunza nini, husimulia safari na chakula walichokula njiani. Kosa si la watoto. Wameonyeshwa vitu, hawakuonyeshwa kazi. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi kazi za kila siku za makumbusho zinavyoweza kuwa njia ya kufundishia.

2. Kazi za makumbusho

Wengi hudhani kuwa mtumishi wa makumbusho hufungua mlango na kupokea wageni tu. La hasha. Kila kitu kinachowekwa mbele ya mgeni hupitia kazi nne:

(a) Kukipokea na kumhoji aliyekileta.
(b) Kukiandika daftarini na kukipa namba.
(c) Kukihifadhi kisiharibiwe na unyevu, mchwa wala kutu.
(d) Kukionyesha na kukieleza.

3. Mifano kutoka ziwani

Tuanze na uhifadhi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Huko iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha makusudi isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waulize wanafunzi: Grisi ilizuia nini? Katika swali hilo moja, sayansi na historia hukutana.

Sasa tutazame maandishi. Makumbusho ya Ujiji hukumbusha mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mwaka huohuo wawili hao walisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Majina yao yamo vitabuni. Waulize wanafunzi: Ni nani waliopiga makasia? Kwa nini majina yao ni vigumu kuyapata? Mtoto wa mvuvi ataelewa swali hili upesi kuliko mwalimu wake.

4. Mpango wa somo kwa Darasa la Tano

Kabla ya ziara: Gawa darasa katika vikundi vinne, kila kimoja kipewe kazi moja kati ya zile nne. Kila kikundi kiandae maswali matatu ya kumwuliza mtumishi wa makumbusho.

Wakati wa ziara: Mwalimu asihutubie. Wanafunzi waulize, wachore na waandike. Kila waelezwapo jambo, waulize kwa adabu: “Tunajuaje?”

Baada ya ziara: Wanafunzi waanzishe makumbusho madogo katika pembe ya darasa. Walete vitu vya nyumbani kwa idhini ya wazazi: kipande cha wavu, ndoana, karabai bovu lililotumika kuvulia dagaa usiku. Kila kitu kiwe na kadi yenye jina lake, kilivyotumika, mahali kilipotumika, aliyekitumia, msimulizi na tarehe.

5. Onyo kutokana na uzoefu

Katika mazoezi ya kufundisha niliyoyasimamia, mvulana mmoja mkimya alileta kasia la babu yake. Lilikuwa limelika upande mmoja tu, na mpini wake ulikuwa na alama saba za kisu. Mwanachuo alitaka kuandika kadi papo hapo. Mimi nilimwambia kipindi kimekwisha, kadi zitaandikwa wiki ijayo. Wiki ijayo ilileta mitihani, kisha likizo. Tulipofungua shule, yule mzee alikuwa amefariki. Tulimwuliza mjukuu maana ya zile alama. Akajibu, “Babu alisema atanieleza mkiniuliza.”

Kasia lile tunalo hadi leo. Tumelipangusa vumbi, tumelipaka mafuta, tumelipa namba. Kadi yake ina neno moja tu: Kasia. Yaliyowapata wapiga makasia wa mwaka 1871 yalimpata mzee huyu pia, na safari hii mkosaji alikuwa mwalimu.

6. Hitimisho

Mwanachuo hana haja ya kungoja nauli ya kwenda Ujiji wala kabati la vioo ndipo aanze. Daftari, kalamu na mzee mmoja wa kijiji vyatosha. Lakini kumbuka utaratibu: mtoto aletapo kitu, hoji na uandike siku hiyohiyo. Vumbi linaweza kupanguswa kesho.

Zoezi: Chagua chombo kimoja cha uvuvi au cha kazi za nyumbani kijijini kwako. Mhoji mwenye nacho, kisha andika kadi yake na maswali matano utakayowauliza wanafunzi.