Jinsi ya Kubadili Sauti za Mashine ya Ngoma ya Zamani

Wasomaji wengi wa jarida letu wamesikia katika redio nyimbo ambazo ngoma yake hailizwi na mkono wa mtu. Ngoma hiyo hutoka katika mashine. Somo hili laeleza jinsi mashine za miaka ya 1980 zilivyohifadhi sauti, jinsi sauti hizo zinavyobadilishwa, na kwa nini jambo hilo latuhusu sisi wa Mbulu na Hanang.

Mashine hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutengeneza mlio kwa saketi za umeme, kama Roland TR-808 ya mwaka 1980. Hiyo haina chipu ya sauti ya kubadilishwa, maana hakuna ngoma iliyorekodiwa ndani yake. Namna ya pili ilianzishwa na Mmarekani Roger Linn mwaka huo huo, alipotoa mashine iitwayo LM-1. Humo mna ngoma za kweli zilizopigwa, zikarekodiwa, zikageuzwa kuwa namba na kuandikwa katika chipu. Mwaka 1982 ilifuata LinnDrum, ya namna iyo hiyo.

Namba zawezaje kuwa ngoma? Mlio ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo hupimwa mara nyingi katika sekunde moja, na kila kipimo huandikwa namba yake. LM-1 husoma namba 28,000 hivi kwa sekunde. Tuchukue mfano wa chipu iitwayo 2732, ambayo hubeba namba 4,096. Tukigawa 4,096 kwa 28,000 twapata 0.146, yaani kama sehemu moja ya saba ya sekunde. Ni kitambo kidogo, lakini pigo moja fupi laenea humo. Kasi ya kusoma ikiongezwa, mlio hupanda, ikipunguzwa, hushuka. Mpiga ngoma wa kijijini hupandisha mlio kwa kuipasha ngozi moto ili ikaze.

Kubadili sauti, basi, ni kung'oa chipu moja na kutia nyingine. Kazi yenyewe yataka utaratibu:

1. Chomoa waya wa umeme, kisha ngoja kidogo, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

2. Shika kipande cha chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa chipu. Huku kwetu, wakati wa baridi na ukavu, mtu akivua sweta usiku husikia mlio na pengine huona cheche. Huo ni umemetuli tuliousoma katika Fizikia. Kwa mtu ni mchezo, lakini kwa chipu ni kifo.

3. Andika au piga picha chipu ilivyokaa. Kila chipu ina pengo dogo upande mmoja. Ikigeuzwa, umeme hupita pasipostahili, nayo yaweza kuungua.

4. Inyanyue kwa bisibisi bapa, kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili miguu yake 24 isipinde.

5. Tia chipu mpya, hakikisha kila mguu umeingia mahali pake, ndipo urudishe umeme.

Chipu hizi zina kidirisha juu. Mionzi ya urujuanimno ikipita hapo kwa dakika 15 hadi 20 katika taa maalumu, namba zote hufutika, na chipu yaweza kuandikwa upya. Hata jua kali laweza kuifuta kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa sababu hiyo kidirisha hufunikwa kwa karatasi. Hata ikifunikwa vema, chipu hupoteza kumbukumbu baada ya miaka mingi. Wenye mashine hizo hunakili namba zake mapema, kabla hazijatoweka.

Hapo ndipo pana fundisho kwetu. LM-1 ilitoka kiwandani na sauti 12. Mna konga, ambayo asili yake ni Kuba, mna tari na makofi, lakini hamna ngoma ya Mbulu wala ya Hanang. Mashine haikuikataa ngoma yetu, haikupewa. Simu ya kawaida yaweza kurekodi pigo la ngoma ya babu, kompyuta ikaligeuza kuwa namba kwa mpango unaotakiwa na mashine, na kifaa cha kuandikia chipu kikamaliza kazi. Mashine yenyewe ni adimu, lakini kurekodi hakungoji mashine. Wazee wanaojua mapigo ya zamani wanapungua, na pigo lisilonakiliwa hufutika pamoja nao. Likizo ijayo, kila mmoja wetu na arekodi ngoma moja, aandike jina lake, kijiji chake na shughuli inayopigiwa.

Zoezi: Chipu hubeba namba 8,192, nayo husomwa kwa kasi ya namba 28,000 kwa sekunde. Mlio wake ni wa muda gani? Kasi ikipunguzwa nusu, muda utakuwaje, na mlio utapanda au utashuka?