TV Yako Haifi kwa Uzee

Wadogo zangu, swali hili mmeniletea kwa namna nyingi, na kila mara linakuja na uchungu ndani yake: dada, TV nimeinunua kwa kudunduliza, haijamaliza hata miaka mitatu, imezima. Na mama naye hachoki kuisifia ile ya chogo iliyodumu mpaka watoto wote wakamaliza shule. Je, hizi za bapa ni mbovu?

Si mbovu. Watengenezaji wengi hutaja saa 50,000 hadi 60,000 kwa TV ya LED. Ila fahamu kinachohesabiwa hapo: ni taa ndogondogo zilizopangwa nyuma ya kioo, na muda zinaochukua mpaka mwanga wake upungue kwa nusu. Ukitazama saa 6 kwa siku, saa 50,000 ni zaidi ya miaka 22. Kwenye baa inayowasha TV saa 16, ni kama miaka 8 na nusu. Muulize fundi yeyote ni ngapi zinafika huko. Zinakufa mapema kwa sababu nyingine, na nyingi ya hizo unaweza kuzizuia.

Adui mkubwa ni umeme, hasa unaporudi baada ya kukatika. Unaweza kurudi ukiwa umezidi sana zile volti 230 za kawaida, na bodi ya pawa ndiyo inayoumia kwanza. Humo kuna kapasita, vile vikopo vidogo vya duara. Zikichoshwa na umeme mbaya na joto, huvimba kichwani, na hapo TV inaanza kuwaka kwa kusuasua, kujizima, au kubaki na taa nyekundu inayopepesa. Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: kama una hela ya inchi 50, nunua inchi 43 na gadi nzuri. Gadi hukata umeme unapozidi au kupungua, na ukirudi husubiri kwanza utulie.

Radi lakini haizuiliki kwa gadi. Mnaoishi Bukoba na Mwanza mnazijua mvua zenu. Chomoa plagi, na chomoa pia waya wa antena au wa dishi, maana radi hupita huko ikaingia kwenye king'amuzi, kisha ikavuka kwa waya wa HDMI mpaka kwenye TV yenyewe.

Joto nalo linaua polepole. Kile kitambaa kizuri ulichofuma, usikitandaze juu ya matundu ya kupumulia. Usiibane TV ndani ya kabati. Na ukifika nayo nyumbani, ingia kwenye mipangilio upunguze mwanga, kwa sababu dukani huwekwa mkali kabisa ili ivutie mteja. Mwanga mkali huzichosha zile taa za nyuma ya kioo, nazo zimepangwa kwenye tepe na kuungwa kwa mfululizo: moja ikiungua, utepe mzima unaweza kuzimika.

Hapo ndipo wengi wanapotupa TV ambayo bado ni nzima. Unasikia sauti, picha hakuna, kioo cheusi. Kabla hujakata tamaa, zima taa za chumbani, mulika kioo kwa karibu na tochi ya simu. Ukiona kwa mbali watu wanatembea humo ndani, kioo chako kipo hai, kilichokufa ni taa. Fundi mzuri anabadilisha tepe hizo kwa gharama ndogo ukilinganisha na TV mpya. Mwambie azibadilishe zote, asibadilishe ule mmoja ulioungua tu, vinginevyo utarudi kwake. Ila usifungue mgongo wa TV mwenyewe, mdogo wangu, hata kama umeichomoa. Bodi ya pawa hubaki na umeme unaoweza kukurusha.

Kioo kikipasuka, mambo ni tofauti. Kioo kipya mara nyingi kinakaribia bei ya TV nzima, kwa hiyo usimpe mtu hela ya kukitafuta. Kiokoe mapema: unapoisafirisha ibebe ikiwa imesimama, usiilaze kwenye bajaji na mizigo juu yake. Na iwashe palepale dukani kabla hujalipa, uangalie mistari na madoa, uondoke na risiti na karatasi ya waranti iliyogongwa muhuri.

Kwa mnaotamani OLED, picha yake ni nzuri sana. Haina taa za nyuma, kila nukta inajiwakia yenyewe. Lakini nembo ya kituo ikikaa palepale saa nyingi kila siku, inaweza kuacha alama isiyofutika. Kama kwenu chaneli moja ya habari inawaka kutwa, bakini na LED.

Kuna na kifo kingine ambacho si cha vyuma. Programu za TV janja huzeeka kabla ya kioo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za miaka ya nyuma, wakati picha ya TV hizo ilikuwa bado safi. Likikutokea hilo, usinunue TV nyingine. Nunua kile kisanduku kidogo cha Android kinachochomekwa kwenye HDMI, na TV yako itaendelea na kazi.