Mdogo Wangu, Weka Ubani Kabatini

Mdogo wangu wa Edmonton, barua yako niliianza nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo. Unasema tangu Jumanne jua limekuwa jekundu kama kaa, mtoto anakohoa, na ulipompigia mama Morogoro akacheka: "Moshi tu ndio unakuliza? Sisi tumezeekea kwenye mafiga." Ukakata simu, na juu ya hofu ukaongeza aibu. Mwisho kabisa, kama mtu anayenong'ona, unauliza kama ni haki kuzaa mtoto wa pili kwenye dunia inayoungua.

Tuanze na moshi, maana ndio ulioko kooni.

Mimi si daktari, lakini moshi huo naujua. Mei 2023, mkoa wetu wa Alberta ulipotangaza hali ya dharura kwa ajili ya moto wa misitu, nyumba yangu ilinuka kama tanuri la mkaa. Nami, binti wa Tanga, nikafanya nililofunzwa: nikafunga madirisha, nikawasha chetezo, nikafukiza udi na ubani hadi chooni. Kisha, kwa kuwa nimefungiwa ndani sina pa kwenda, nikakaanga maandazi. Ilipofika magharibi kifua kilibana kama mtu amenikalia. Moshi wa nje ulikuwa umeshapenya, nami nikauongezea wangu kisha nikaufungia mlango.

Kinachodhuru si harufu, mdogo wangu. Ni chembechembe ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja unazizidi kama mara 30. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Udi unazo, mshumaa unazo, mafuta ya kukaangia yanazo. Kwa hiyo wiki ya moshi ni wiki ya kuchemsha: ndizi, uji, maharage. Ukitoka nje vaa barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni. Ya kitambaa haisaidii sana, na mtandio wako ndio kabisa.

Halafu nunua feni ya boksi, ile ya mraba, na chujio la MERV 13, lile la mashine ya kupasha nyumba joto. Lifunge nyuma ya feni kwa utepe wa gundi, mshale uliochorwa kwenye chujio ukielekea feni. Iwe feni mpya, isiwe ile ya miaka ishirini iliyookotwa gereji, na usiiache ikizunguka nyumba haina mtu. Iweke chumba anacholala mtoto. Kama kikohozi chake kina mluzi, au anavuta pumzi kwa shida, hilo si la dada: piga 811 uzungumze na muuguzi, na uombe mkalimani ukimhitaji. Akishindwa kupumua, ni 911 papo hapo.

Kipimo cha hewa cha Kanada huanzia 1, na kikivuka 10 hali ni mbaya sana. Kitazame asubuhi na jioni. Ukikitazama kila nusu saa hewa haitabadilika, utakayebadilika ni wewe.

Jambo moja watu hulisahau: joto. Usijifungie kwenye chumba kinachochemka kwa kuogopa moshi. Katika joto kali la mwaka 2021 British Columbia ilipoteza watu 619, karibu wote wakiwa ndani ya majengo, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakiishi peke yao. Nyumba ikiwa tanuri, mchukue mtoto mkashinde maktaba.

Sasa mama. Hakuongopa, amezeeka kwenye mafiga kweli. Lakini yeye ndiye aliyeuzoea moshi, mapafu yake hayajauzoea. Serikali ya Tanzania isingejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kupikia nishati safi ifikapo 2034 kama moshi wa jikoni ungekuwa mchezo. Mpigie tena. Usimpe somo, muulize tu kifua chake kikoje, na kama mtungi wa gesi uliomnunulia anautumia au ameufunika kitambaa sebuleni. Nadhani mazungumzo yatakwenda kwingine.

Kuhusu hofu, sitakuambia "usiwaze". Mwaka 2023 Kanada iliungua zaidi ya hekta milioni 15, kama sehemu moja kwa sita ya Tanzania yote, na moto mwingine ulijificha kwenye udongo wa mboji chini ya theluji hadi mwaka uliofuata. Msitu wa huku umezoea moto, iko misonobari ambayo koni zake hazifunguki bila joto lake. Ila ukavu na joto la sasa vimeuzidisha, na tabianchi inayobadilika imo ndani yake. Mwaka 2021 watafiti waliwauliza vijana 10,000 wa nchi kumi, Nigeria ikiwemo: 59 kati ya kila 100 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno. Kwa hiyo hujarogwa, wala ugenini hakujakulegeza.

Na huyo mtoto wa pili? Sikuamulii, hilo ni lako na mumeo. Ombi langu ni moja: usiliamue dirisha likiwa na moshi. Subiri mvua inyeshe, ulale siku kumi mfululizo, ndipo mkae. Jibu linaweza kubaki hapana, na hapana hiyo nitaiheshimu. Lakini kama usingizi hautarudi hata hewa ikisafika, mwone daktari umwambie hivyohivyo ulivyoniambia.

Kwangu mimi kilichosaidia kilikuwa kazi ya mikono. Mwaka uliofuata moshi ule wa 2023, wanawake sita tulikutana ukumbini tukafunga vichujio kwenye feni kumi na moja, kelele nyingi, chai nyingi, tukazipeleka kwa wanaoishi peke yao. Bibi mmoja wa Uvira alipokea feni, ila mkoba wa dharura, wa kukimbia nao moto ukikaribia, akaukataa. Alisema ameshafungasha mara mbili maishani mwake na haongezi ya tatu. Hatukumbishia. Mmoja wetu aliomba maji ya kunywa, mwingine akamshika kwa mazungumzo, na mimi nikatia pasipoti yake, vidonge vya presha na miwani ya akiba kwenye mfuko wa sokoni, nikauning'iniza nyuma ya mlango. Tulipokuwa tunaaga akauangalia, akaingia chumbani, akarudi na picha ya harusi yake, akaitumbukiza humo bila kusema neno.

Tafuta ukumbi ulio karibu nawe, niandikie mmefikisha feni ngapi. Na mtoto akililia maandazi, mwambie mama yake mkubwa amesema mpaka mvua.