Kuluva kwa Saa za Wanyama: Mwongozo wa Msafiri

Wageni wengi wanaofika Kuluva huuliza wanyama wako wapi. Mbuga ya Murchison Falls wameiacha nyuma, ng'ambo ya Nile, na mbele yao kuna mihogo, miembe, mbuzi na nyumba za Walugbara zilizokaribiana. Ukitaka tembo na simba, haki yako kuwatafuta kule. Lakini ukitaka kujua jinsi kiumbe anavyoishi mahali panapompa taabu, sijui pazuri kuliko hapa, na huhitaji gari la safari. Unahitaji kuamka mapema, kuvaa nguo za rangi inayofaa na kuwa tayari kuchuchumaa.

Kwanza ijue nchi yenyewe. Arua na Kuluva ziko juu ya uwanda wenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Ukiteremka mashariki hadi Rhino Camp, ukingoni mwa Nile, umeshuka karibu mita 600 na joto limekupanda mwilini. Mvua hunyesha kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba. Baada ya hapo huja kiangazi, upepo mkavu, na moto wa nyasi. Kila mnyama utakayemwona amejipanga dhidi ya mambo hayo matatu: ukavu, moto, na joto linalopanda kadiri unavyoshuka bondeni. Nawe panga siku zako hivyo hivyo.

Kufika si kazi. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 500 kwa basi, kupitia Karuma na Pakwach, na barabara ni ya lami. Kuluva iko kusini ya mji wa Arua, kando ya barabara ya Nebbi, kwa hiyo basi huipita kabla ya kuingia mjini. Mwambie kondakta mapema akushushe njiapanda ya hospitali, usije ukalipa bodaboda ya kukurudisha. Kilugbara ndicho kinachosikika zaidi, ila Kiswahili kitakufikisha mbali sokoni Arua, kwa Wanubi, na zaidi ukielekea Koboko. Salimia kabla ya kuuliza. Mtu mzima ni mzee au mama, na kamera hubaki mfukoni mpaka salamu ziishe.

Anza na mijusi, kwa sababu hawalipiwi na hawakimbii mbali. Saa moja asubuhi, kwenye ukuta au jiwe lolote linalopata jua la kwanza, utawakuta mijusi aina ya agama wamejilaza, wamefifia rangi na wazito. Damu yao haina joto lake, hivyo hulitafuta kwa jua. Rudi saa nne. Dume yule yule sasa ana kichwa chekundu kama kaa la moto na mwili wa buluu, anapiga pushapu mbele ya madume wengine, na ukimsogelea ametoweka. Saa saba hutamwona. Yuko kivulini, maana jua lililomwamsha lingemuua. Nawe saa hiyo usitembee. Kaa chini ya mwembe, kunywa maji, ungoje saa kumi.

Sasa vichuguu. Viko kila upande, vingine virefu kuliko mtu, na kama una siku moja tu ya kukaa Kuluva nakushauri uitumie yote hapo. Mchwa kibarua ni mdudu laini, mweupe, mwenye ngozi nyembamba. Juani hukauka upesi sana. Ndiyo maana hatembei wazi: akienda kwenye kijiti au ukuta wa nyumba hujijengea kwanza kijia cha udongo uliolowanishwa, na hupita ndani yake. Vunja kipande kidogo cha kijia hicho (kidogo tu, vidole viwili) uone askari wenye vichwa vikubwa wakija kusimama kwenye ufa huku vibarua wakiziba kwa nyuma.

Kichuguu kikubwa ni kazi ya mchwa wa jamii ya Macrotermes, na hawa ni wakulima. Majani na miti wanayokula hawawezi kuyameng'enya vizuri wenyewe, hivyo hulima kuvu ndani ya kichuguu juu ya vitanda vya mabaki yaliyotafunwa, na kuvu huyalainisha. Kuvu hiyo haivumilii baridi wala ukavu. Hutaka joto la karibu nyuzi 30 na unyevu mwingi. Nje, Januari, hewa ni kavu hata midomo hupasuka. Ndani, shamba la kuvu na maelfu kwa maelfu ya miili hutoa joto na hewa chafu bila kukoma. Hewa hiyo hutokaje? Kuta zinaonekana ngumu lakini zina vitundu vidogo vinavyopumua, na ndani kuna njia zinazopanda hadi kileleni. Mchana jua hupasha kuta za nje kuliko kiini, usiku kuta hupoa kabla ya kiini, na tofauti hiyo huizungusha hewa, mchana upande huu, usiku upande ule. Mabadiliko ya joto yanayotutesa sisi ndiyo yanayowapa wao pumzi.

Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi hutoka. Hungoja mvua kwa sababu udongo mkavu hauchimbiki na wawili watakaoanzisha nyumba mpya lazima wachimbe usiku huo huo. Hutoka kwa wingi pamoja ili ndege, vyura na binadamu washibe na bado wabaki wachache. Karibu wote huliwa. Waliobaki hudondosha mbawa na kuingia ardhini wawili wawili. Walugbara wanawaita onya. Huliwa wakiwa wamekaangwa au kukaushwa, na wengine huwasaga kuwa mchuzi mzito. Wanunue sokoni Arua, onja, ni watamu na wana mafuta. Lakini sikiliza: kichuguu kina mwenyewe. Usikiguse wala kukaa karibu nacho na taa usiku wa kumbikumbi bila kumwomba mwenye shamba. Kwa familia nyingi kile ni chakula cha msimu, na kukiharibu kwa udadisi ni kuingia jikoni kwa mtu bila hodi.

Ukija kati ya Desemba na Februari utakutana na moto wa nyasi. Usifuate moshi kwa miguu, na kamwe usisimame upande ambao upepo unaelekea. Kutoka mbali salama tazama angani: mwewe na keremu wekundu, wale ndege wala nyuki, huruka mbele ya ndimi za moto wakidaka panzi wanaokimbia. Kwao moto ni meza iliyoandaliwa. Siku chache baadaye rudi kwenye majivu utafute panzi. Katika savana za Afrika wako panzi ambao wachanga wao hugeuka weusi baada ya nchi kuungua, wakafanana na masalia ya nyasi, kisha rangi yao hurudi nyasi mpya zikiota. Ukibahatika kumpata mmoja, utakuwa umeona mwili ukiitikia nchi ndani ya siku chache tu.

Mbung'o ni habari nyingine, na hapa nakuomba uwe makini. West Nile, kuanzia Arua na Maracha hadi Koboko, Yumbe na Moyo, ni eneo la malale ya aina ya gambiense, ugonjwa unaoenezwa na mdudu huyu. Juhudi za miaka mingi zimezaa matunda: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeimaliza aina hiyo kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o wenyewe bado wapo, na maisha yao yanashangaza. Wadudu wengi hutaga mayai mamia wakayaacha. Mbung'o jike hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha maziwa ya mwilini mwake, na humzaa akiwa mkubwa karibu kama yeye, takriban kila siku tisa au kumi. Buu hujichimbia ardhini kivulini na kungoja wiki kadhaa. Gharama ya malezi hayo ni kwamba mbung'o hawezi kuishi mbali na kivuli na unyevu. Kiangazi humbana kwenye vichaka vya kingo za mito, pale pale wanawake wanapoteka maji, watoto wanapooga na kenge, mmoja wa wanyama anaowanyonya sana, wanapojificha.

Udhaifu huo ndio uliotumika kumkabili. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na hupenda kutua kwenye nyeusi. Kando ya mito ya huku, ukianza na Arua na Maracha, viliwekwa vitambaa vidogo vya buluu vilivyoshonwa na wavu mweusi uliotiwa dawa, vikubwa kidogo kuliko karatasi mbili za daftari. Ukikiona kimesimama kwenye vijiti mtoni, kiache kilipo. Na ukienda mtoni mchana, usivae buluu wala nyeusi. Vaa kaki au kijivu, mikono mirefu, kitambaa kizito. Kofi la kiganja halitoshi kumwua. Mwili wake ni bapa na mgumu, hukwepa na kurudi.

Mbu ana saa zake. Anofeli huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala, na West Nile ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi zaidi Uganda. Meza dawa za kinga kabla hujafika, lala ndani ya chandarua kila usiku bila kujali msimu, na homa ikikupata omba kipimo siku hiyo hiyo. Uliza pia chandarua chenyewe ni cha aina gani. Katika sehemu nyingi za Uganda mbu wenye vimeng'enya vya kuvunja dawa za pairethroidi ndio waliopona na kuzaa, kizazi baada ya kizazi, hadi dawa ya kawaida ikapungua nguvu. Vyandarua vilivyoongezewa PBO huvizuia vimeng'enya hivyo, na ni bora kwako kuliko vya kawaida.

Na hapa ndipo Hospitali ya Kuluva inapostahili saa moja ya heshima. Daktari Ted Williams na ndugu yake Peter, wamisionari wa Africa Inland Mission, waliijenga na kufanya kazi hapa miaka mingi. Mwaka 1961 Ted aliondoka Kampala na Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, na daktari Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu la Ford, wakaenda hadi Afrika Kusini. Walisafiri karibu kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali kuhusu uvimbe wa taya unaoua watoto. Walichokiona ni kwamba uvimbe hukoma mahali pa baridi, juu milimani, na mahali pakavu sana. Ramani yake ilifanana na ramani ya mbu na malaria, kwa kuwa kimelea cha malaria hakiwezi kukomaa ndani ya mbu hewa ikipoa mno, karibu chini ya nyuzi 16 hadi 18. Baadaye virusi vya Epstein-Barr vilipatikana kwenye uvimbe huo, na malaria ikafahamika kuwa ndiyo inayoudhoofisha mwili wa mtoto hata virusi vifanye kazi yake. Williams aliendelea kuandika kumbukumbu za wagonjwa wa West Nile kwa miaka mingi, na wataalamu wa ugonjwa huo walizitumia katika utafiti wao. Ukipita, kumbuka ni hospitali inayofanya kazi. Usipige picha wagonjwa. Kama una cha kutoa, pitia ofisi.

Siku ya mwisho teremka Ajai. Hifadhi hii, ukingo wa magharibi wa Nile, ilikuwa makao ya kifaru mweupe wa kaskazini, ambaye nchini Uganda kiasili aliishi upande huu wa mto tu. Theodore Roosevelt aliwafuata hapa mwaka 1910 kwa bunduki, na jina la Rhino Camp lilitokana nao. Mwili wao ulifaa nchi hii barabara: midomo mipana iliyonyooka ya kukata nyasi fupi, kichwa kilichoinama hadi chini, nundu ya misuli shingoni ya kukibeba, na ngozi nene iliyopakwa matope dhidi ya jua na wadudu. Mnyama huyo hakuwa na silaha dhidi ya bunduki. Jike hubeba mimba miezi 16 na huzaa mmoja. Ujangili ulipokuja, uzazi haukuweza kufidia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda ilibaki bila kifaru. Leo duniani wamebaki majike wawili wa aina hiyo, Najin na mwanawe Fatu, huko Ol Pejeta nchini Kenya. Ningetaka kila mgeni asimame Ajai akilijua hilo.

Kabla ya kwenda, uliza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kuhusu ruhusa, hali ya njia, na mpango wa kuleta vifaru weupe wa kusini katika hifadhi hiyo. Utaona swala aina ya kobu kwenye nyasi. Ukifika kwenye kinamasi kaa kimya umtafute nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame, ambaye akitishwa hujitosa majini na kuacha pua tu juu. Nenda na maji zaidi ya unavyodhani yatatosha, na anza kurudi kabla ya giza.

Ukirejea Kampala kwa basi la mchana, keti dirisha la kulia. Ukishavuka daraja la Pakwach mbuga iko upande huo, na mara nyingi tembo husimama karibu na barabara, wakipunga masikio yao makubwa ili damu ipoe.