Somo la 8: Mateka Aliyejua Palipo na Uponyaji

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 5:1–27, Yeremia 29:4–7, Mathayo 10:8, Luka 4:27, Luka 10:30–37.

Fungu la kukariri: Yeremia 29:7. Lisome katika Biblia yako, ulikariri pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Ukiuliza darasa la Shule ya Sabato hapa Murungu mmisionari tabibu ni nani, utajibiwa upesi: ni daktari aliyetoka ng'ambo, akaja na gari, sanduku la dawa na fedha za wafadhili. Jibu hilo lina ukweli. Katika mkoa wetu wa Kigoma wako watu walio hai leo kwa sababu daktari wa namna hiyo alikubali kuacha kwao, na Hospitali ya Heri kule Buhigwe inatukumbusha kazi hiyo. Lakini jibu hilo lina hatari yake pia. Linatukalisha kando ya barabara, tukimngojea mtu mwingine.

Juma hili tunajifunza habari za watu wawili waliopeleka uponyaji katika nchi za ugeni. Mmoja yumo katika Biblia, na mwingine aliishi kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa hapa tulipo. Wote wawili walitolewa kwao kwa nguvu wakiwa wadogo. Je, Mungu aweza kumfanya tabibu mtu ambaye mwenyewe amejeruhiwa?

JUMAPILI: Binti Asiye na Jina

Soma 2 Wafalme 5:1–3. Maneno ya binti huyu yanafunua nini juu ya moyo wake?

Jina la Naamani tunalijua, na cheo chake, na ugonjwa wake. Jina la binti hatulijui. Tunaambiwa tu kwamba vikosi vya Washami vilimteka katika nchi ya Israeli, na kwamba alimtumikia mke wa Naamani. Wazazi wake walikuwa wapi? Huenda waliuawa, huenda waliachwa wakilia. Biblia imenyamaza.

Mtu aliyeamrisha majeshi hayo sasa ana ukoma. Binti angeweza kusema moyoni kwamba Mungu amemlipizia. Angeweza pia kukaa kimya, maana mtumishi hakuulizwa neno. Badala yake alimtakia bwana wake uzima, akataja mahali unapopatikana: kwa nabii aliyeko Samaria.

Tusiseme kwamba utekaji ulikuwa mwema kwa sababu mwisho ulikuwa mwema. Dhambi ya Washami ilibaki kuwa dhambi. Ila uovu wao haukuweza kumnyang'anya binti kile alichokijua juu ya Mungu. Hakuwa na dawa wala elimu ya tiba. Alikuwa na ushuhuda, na alikuwa na huruma.

Je, yuko mtu aliyekuumiza ambaye ungeona vigumu kumtakia afya njema? Mlete mbele za Mungu leo.

JUMATATU: Mtoto wa Mto Niger

Soma tena Luka 4:27. Kwa nini Yesu alimtaja Naamani, mtu wa taifa jingine, mbele ya watu wa Nazareti?

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alinyakuliwa na Watuareg, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers walilipa fedha wakamkomboa. Mwaka 1881 alipelekwa katika kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, akasoma utabibu. Mwaka 1888 alimaliza masomo.

Kijana huyo aliyejua uchungu wa kuuzwa alitumwa wapi? Alitumwa kwenye Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyokuwa ikiliwa na biashara ileile. Ujiji yetu ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, na watumwa walipitishwa hapo kuelekea Tabora na pwani ya Bagamoyo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 tu. Kabla ya hapo, kutoka pwani hadi ziwani ilikuwa safari ya miguu ya miezi. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, mahali ambapo leo pamo katika mkoa wa Katavi.

Atiman hakuwa Mwadventista, na mafundisho ya kanisa lake yanatofautiana na yetu katika mambo makubwa. Hatufichi jambo hilo. Lakini Yesu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimwekea Msamaria mbele yake (Luka 10:33). Huruma ya kweli yatupasa kuitambua popote tunapoiona.

JUMANNE: Miaka 67 Mahali Pamoja

Soma Yeremia 29:4–7. Mungu aliwaagiza mateka wafanye nini katika nchi ambayo hawakuichagua?

Mateka wa Babeli walitaka kurudi kwao kesho. Mungu aliwaambia wajenge, wapande, waoe na kuzaa, tena wautafutie amani mji waliopelekwa. Lilikuwa agizo gumu, maana mji huo ulikuwa wa adui.

Atiman aliishi namna hiyo. Alioa binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, akajifunza dawa za miti za wenyeji pamoja na zile alizofundishwa Malta, akawatibu watu na kuwafundisha dini. Alifika Wajerumani wakiwa ndiyo kwanza wanashika nchi. Waingereza wakaja baadaye. Vita Kuu mbili zikapita. Yeye alikuwa Karema bado. Alifariki mwaka 1956, miaka 67 tangu siku aliyofika, na miaka mitano kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Katika kazi ya kanisa tunapenda sana juma la matibabu ya bure. Tunapiga hema, tunapima shinikizo la damu, tunagawa dawa, kisha tunakunja hema. Ni kazi njema, na imewasaidia wengi. Lakini mama mwenye kisukari anahitaji mtu wa kumuuliza hali yake mwezi ujao, na mwezi unaofuata. Tabibu anayekaa hujua jina la mgonjwa, na jina la mtoto wake.

Kanisa lako lilipofanya huduma ya afya mara ya mwisho, ni nani aliyerudi kuwajulia hali wale waliohudumiwa?

JUMATANO: Bei ya Huduma

Soma 2 Wafalme 5:15–27 pamoja na Mathayo 10:8. Kosa la Gehazi lilikuwa nini hasa?

Naamani alikuja na talanta 10 za fedha, dhahabu na mavazi 10. Elisha alikataa kupokea. Alitaka Mshami huyu ajue kwamba Mungu wa Israeli hauzi neema yake. Gehazi akamkimbilia, akadanganya, akapata talanta mbili na mavazi mawili. Kwa tendo hilo aliligeuza tendo la Mungu kuwa biashara, na ukoma wa Naamani ukamshika.

Sasa mtazame binti. Alipata nini? Biblia haisemi kama aliachiwa huru. Haisemi hata kama aliambiwa asante. Naamani alirudi na ngozi kama ya mtoto mdogo, na yule aliyemwelekeza labda aliendelea kuteka maji. Hapa ndipo huduma inapopimwa: tunapomtendea mtu mema na hali yetu sisi isibadilike.

Hatusemi kwamba muuguzi asilipwe mshahara. Mtenda kazi astahili ujira wake. Tunaonywa juu ya mkono unaodai kitu chini ya meza kabla ya kumgusa mgonjwa.

ALHAMISI: Aliyesikiliza

Soma 2 Wafalme 5:3, 4, 13. Ni nani waliosikiliza katika habari hii, nao walimsikiliza nani?

Neno la binti lingepotea kama mke wa Naamani asingelisikia na kulifikisha. Baadaye, Naamani alipokasirika, ni watumishi wake tena waliomtuliza mpaka akashuka Yordani mara saba. Uponyaji wake wote ulipitia kwa watu wadogo.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tumekuwa wenyeji wa wengi. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu imewapokea waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 Warundi wengi walivuka mpaka, na kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Tumezoea kuwaona kama watu wa kupewa. Je, tumewahi kuwauliza wanajua nini? Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hatuna udhuru wa lugha. Katika foleni ya chakula yaweza kuwamo mkunga, muuguzi, au mama anayejua kumwokoa mtoto anayeharisha kwa maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, huku akimwahisha kituo cha afya.

Tena, mabinti zetu wenyewe hutoka vijiji hivi kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Wengine wako katika nyumba za waumini. Yule anayemwogesha mtoto wako, je, anaruhusiwa kusema neno mezani? Huenda Mungu amekwisha kumleta mmisionari ndani ya nyumba yako, nawe hujamuuliza hata kwao ni wapi.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura ya kwanza ya Huduma ya Uponyaji, kitabu cha Ellen G. White kilichotoka mwaka 1905, uone jinsi Kristo alivyounganisha kuponya na kufundisha. Kristo mwenyewe aliishi ugenini kati yetu, akajeruhiwa, na kwa majeraha yake sisi tumepona (Isaya 53:5).

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini mtu aliyeumizwa anaweza kuwa tabibu mwema, na kwa nini pengine anakuwa mkali kuliko wengine? Ni nini kinacholeta tofauti hiyo?

2. Linganisheni binti na Gehazi. Mmoja alikuwa mateka wa wapagani, mwingine alikaa na nabii. Hili linatuonya nini sisi tuliokulia kanisani?

3. Tajeni wagonjwa watatu wa mtaa wenu wanaohitaji kutembelewa kwa muda mrefu. Nani atakwenda, na siku gani? Andikeni majina kabla darasa halijafungwa.

4. Juma hili, kila mmoja amsikilize mtu mmoja ambaye kwa kawaida hakuulizwa neno. Sabato ijayo tuelezane tulichojifunza kwake.