Kabla ya Kununua Kamera Kuukuu na Lenzi ya Zumu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu hutimia hasa katika biashara ya kamera zilizotumika. Kamera nzima haikai dukani siku mbili. Ile yenye ugonjwa ndani hupitishwa mkono kwa mkono, imefutwa vumbi ikang'aa, na mwenyewe anaapa kwamba aliitumia mara moja tu katika harusi ya dadake. Somo langu la leo halimo katika silabasi, lakini linaweza kumwokolea mtu akiba ya mwaka mzima.

Huenda ukauliza, kamera ya nini siku hizi na kila mtu ana simu? Swali zuri. Hapa kwetu Mombasa kuna sherehe ya harusi iitwayo kupamba. Ni ya wanawake peke yao, na mara nyingi simu hukusanywa mlangoni ili picha za watu zisizagae ovyo. Mjomba wangu hupiga picha za harusi lakini yeye, kwa kuwa ni mwanamume, haingii humo. Basi tangu nikiwa Kidato cha Kwanza hunikabidhi mimi kamera, na kazi ikiisha kadi ya picha humwachia mama wa biharusi usiku huo huo. Ujira ninaopata ndio unaonilipia chakula cha mchana hapa shuleni. Kwa sababu hiyo, shilingi 9,000 za lenzi kuukuu kwangu si pesa ya mchezo.

1. ZUMU NI NINI?

Kila lenzi ina urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, kama 18, lenzi huona upana mkubwa: chumba kizima na watu wake. Namba ikiwa kubwa, kama 300, huona kipande kidogo cha mbali na kukikuza. Lenzi ya 50mm haibadiliki, ni 50 daima. Lenzi ya zumu, kwa mfano 70-300mm, unaizungusha shingo nayo inatoka 70 hadi 300 bila wewe kusogea hata hatua moja.

Watu wa sinema na televisheni walikuwa na zumu zamani. Kwa kamera za kawaida za filamu ya milimita 35, ya kwanza ilitoka mwaka wa 1959, nayo ni Voigtländer Zoomar iliyokuwa na urefu wa 36 hadi 82mm. Leo zumu zimejaa kila mahali, na kamera nyingi za bei nafuu huuzwa pamoja na zumu ndogo ya 18-55mm.

Tusichanganye zumu hii na ile ya simu. Katika simu nyingi, ukivuta picha kwa vidole viwili, simu hukata kipande cha katikati na kukipanua tu. Ndiyo maana sura ya mtu huja kama imejengwa kwa matofali.

2. ZUMU INATOA NINI, INACHUKUA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo, kwa hivyo tega sikio. Zumu inakuletea mbali karibu, lakini unailipa kwa mwanga.

Tazama usoni mwa lenzi. Utaona maandishi kama 50mm 1:1.8, au 70-300mm 1:4-5.6. Namba ile ya pili inaeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga. Ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya 50mm yenye tundu la upana wa 25mm ni 1:2, kwa kuwa 50 gawanya kwa 25 ni 2. Namba ndogo, mwanga mwingi. Namba kubwa, giza. Zumu yenye namba mbili, kama 4-5.6, maana yake ni kwamba ikiwa 70 inapitisha mwanga wa 4, na ukiivuta hadi 300 inabaki na ule wa 5.6.

Sasa chukua kikokotoo. 5.6 mara 5.6 ni 31.36. 1.8 mara 1.8 ni 3.24. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata karibu 10. Yaani lenzi ndogo ya 50mm 1:1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko ile zumu ndefu ya kifahari inayokutoa jasho kuibeba! Mahali ambapo lenzi ndogo inatosheka na 1/100 ya sekunde, zumu itataka karibu 1/10. Katika 1/10 ya sekunde mtu akigeuza shingo tu, picha inaharibika.

Isitoshe, zumu hukuza pia mtikisiko wa mkono. Kanuni ya wapiga picha ni hii: ukiwa 300mm, usipige kwa kasi iliyo chini ya 1/300 ya sekunde kama huna stendi ya miguu mitatu. Na kwa kamera nyingi za dijitali za bei nafuu, ambazo kihisi chake cha mwanga ni kidogo kuliko filamu, zidisha mara moja na nusu: 1/450, au tuseme 1/500. Lenzi nyingine zina kifaa ndani cha kupunguza mtikisiko. Kifaa hicho husaidia mkono wako, lakini hakimzuii mtu asicheze.

Nitoe mfano. Mwaka juzi nilikuwa katika kupamba mtaa mmoja wa Mji wa Kale. Taa zilikuwa za rangi na hafifu, biharusi yuko jukwaani, mashangazi wanacheza. Mjomba alikuwa amenifungia ile 50mm akaniambia, "Mwanangu, kule ndani hutaki mbali, wataka mwanga." Bibi yake biharusi, mzee wa miaka themanini na ushei, aliketi kitini usiku kucha kwa sababu ya magoti. Aliinuka mara moja tu, akaenda kumtunza mjukuu wake, akamshika kidevu. Haikuchukua hata nusu dakika. Picha ilitoka safi, hata machozi yanaonekana. Bibi yule alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata, Mungu amrehemu, na picha ile ndiyo iliyotundikwa ukutani kwao. Lau ingekuwa zumu ya 5.6 katika giza lile, pengine pale ukutani pangekuwa na kivuli tu.

Je, nasema zumu ni kitu kibaya? La hasha! Siku ya michezo uwanjani saa nane mchana, jua limewaka, zumu ni mfalme. Kadhalika kwa ndege, ngalawa baharini, au mchezaji anayefunga bao upande wa pili. La muhimu ni kujua unapiga picha gani kabla hujatoa pesa.

3. MIGUU NAYO NI LENZI

Wengi hudhani kuvuta kwa zumu na kutembea kwenda mbele ni kitu kimoja. Sivyo. Nenda Mama Ngina wakati meli inapita kuelekea bandari ya Kilindini. Msimamishe rafiki yako ukingoni na meli iwe nyuma yake. Mpige kwa 50mm ukiwa mita 2 kutoka kwake: meli itaonekana kama mwanasesere. Kisha rudi nyuma hadi mita 8, uvute hadi 200mm. Rafiki yako atakuwa na ukubwa ule ule katika picha, lakini meli itakuwa kubwa karibu mara nne, kana kwamba imekuja kumgusa bega. Miguu hubadilisha mpangilio wa vitu, zumu hubadilisha ukubwa wake. Asiye na pesa ya zumu bado ana miguu, na hiyo haiuzwi.

4. MIDOMO HAIFANANI

Usinunue lenzi peke yake kabla ya kujua kama itaingia katika kamera yako. Kila kampuni ina mdomo wake. Canon walibadilisha mdomo wao mwaka wa 1987, kwa hivyo lenzi za Canon AE-1, kamera ya filamu iliyotoka 1976, haziingii katika kamera za EOS za baadaye bila kiungo maalumu. Nikon wao walianza mdomo wao wa F mwaka wa 1959 na kamera zao nyingi za dijitali zikaurithi. Lakini kuingia si kufanya kazi. Kamera kama Nikon D3100, ya mwaka wa 2010, haina mota ya kulenga ndani yake. Ukiifunga lenzi ya zamani isiyo na mota, itabidi ulenge kwa mkono.

Betri nayo iulizie. AE-1 bila betri haifyatui kabisa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, hufyatua bila betri. Kinachokufa ni kipimo cha mwanga tu. Mjomba bado anayo moja, na inalia "kla!" kama siku ya kwanza.

5. NAMNA YA KUKAGUA

Mwezi wa Agosti muuzaji mmoja alituletea zumu ya 70-300mm kwa shilingi 9,000. Nje ilikuwa maridadi ajabu. Tulipomulika ndani kwa tochi tukaona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Huo ni ukungu, uleule wa mkate uliochacha, nao huota katikati ya vioo. Mjomba akairudisha kwa adabu: "Ahsante ndugu yangu, tumeiona." Wiki mbili baadaye kijana wa mtaani kwetu anayeuza viazi karai akainunua ile ile, kwa akiba yake ya miezi minane. Fundi alimdai 4,500 kuifungua na kuisafisha, na alama zikabaki kwenye kioo. Kijana wa watu ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa ajili yake naandika hatua hizi:

(a) Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma, utazame kwa mbele, kisha ugeuze. Chembe chache za vumbi si neno. Nyuzi za ukungu, au weupe kama pumzi kwenye kioo, mwache navyo. Usijaribu kamwe kutazama jua kupitia lenzi, utapofuka.

(b) Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Isikwaruze kama mchanga. Kisha ielekeze chini: ikiteleza yenyewe, imelegea.

(c) Tazama vijibati vinavyofungua na kufunga tundu. Viwe vikavu na vyepesi. Vikiwa na mafuta hukwama.

(d) Fungua nyumba ya betri. Unga mweupe au wa kijani maana yake ni kwamba betri ilivuja humo.

(e) Kwa kamera ya dijitali, piga picha ya ukuta mweupe tundu likiwa 16. Madoa meusi yasiyohama picha hadi picha ni uchafu juu ya kihisi. Uliza pia shata, yaani kile kipazia cha ndani, imefyatuliwa mara ngapi. Nyingi za bei nafuu hukadiriwa mara 100,000 hivi.

(f) Bandika gazeti ukutani, ulipige katika 70, 150 na 300. Kuza picha usome pembeni. Pembe moja ikisomeka na nyingine isisomeke, lenzi hiyo pengine iliwahi kuanguka.

(g) Dai risiti na uandike namba ya kamera. Muuzaji anayekasirika kwa kuulizwa, muage. Kitu cha wizi kina mwenyewe, na mwenyewe yuaja.

Fanya haya yote mchana, na usione haya. Kuuliza si ujinga.

6. UTUNZAJI

Ukungu hupenda joto, giza na unyevu, na pwani yetu ina unyevu wa kutosha. Usifungie lenzi katika mkoba wa ngozi ndani ya kabati miezi kwa miezi. Itie katika kopo la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwani hunyonya unyevu. Itoe mara kwa mara uitumie. Ukitoka ufuoni, futa chumvi kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, na kioo ukipulize kwanza ndipo ukifute, la sivyo mchanga utakikwaruza.

Ndugu msomaji, nikamilishe. Mimi bado nina shilingi 9,000 zangu na zumu sijanunua. Lenzi ya 50mm inaniletea kazi za usiku, na zumu nitainunua siku nitakayopata kazi za mchana za kutosha kuilipa. Nawe pima hivyo hivyo: kwanza kazi, kisha mwanga, kisha tochi, mwisho kabisa ndipo mfuko.

ZOEZI

1. Lenzi ya 200mm ina tundu la upana wa 50mm. Namba yake ni ngapi?
2. Lenzi ya 1:2 hupitisha mwanga mara ngapi kuliko ya 1:4?
3. Eleza kwa nini mpiga picha wa kupamba na mpiga picha wa mpira hawahitaji lenzi moja.
4. Kwa wanachama: "zumu" na "shata" tumeyakopa. Pendekezeni maneno mengine ya Kiswahili, tuyajadili katika mkutano wetu ujao.

Wasalaamu.