Dondoo muhimu: Kuomba Inua Jamii Kericho na Bomet
Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, familia zinazolea yatima na wenye ulemavu mkubwa. Usajili hufunguliwa kwa awamu, kwa hiyo usikose baraza la chifu. Mwone naibu wa chifu hata kama unaishi kwenye laini za shamba la chai.

Kagua kitambulisho kwanza. Kogo (nyanya) ambaye kijiji kizima kinajua ana miaka 80, lakini kadi inasema 66, atarudishwa nyumbani.

Kujiandikisha ni bure. Anayeomba “ya chai” mwelekeze kiwandani.

Vidole vilivyochuna majani miaka mingi huenda mashine ya alama za vidole isivisome. Mteue mapema mlezi unayemwamini, mwenye kitambulisho chake, akupokelee pesa.